Saa Mbili ya Mzee Dakika

Watu wengi hudhani kompyuta ni bubu. Si kweli, na anayebisha akashinde siku moja na Dada Mitambo. Mashine zinaongea kuliko majirani kwenye foleni ya maji. Kila zinachokifanya zinakitaja: nimeamka, nimepata mgeni, mgeni kakosea neno la siri, mgeni kaondoka, diski inajaa, jamani diski inajaa. Kila kauli huandikwa mstari mmoja ndani ya faili refu lisilo na mwisho, na wenye kazi yao huiita mistari hiyo logi. Tatizo ni kwamba hakuna anayesikiliza. Mashine italalamika wiki nzima, na siku ikizimika mtu anashika kichwa: "Imekufa ghafla!" Ghafla gani, na mwenzio kaaga mara mia?

Dada Mitambo ndiye aliyelipwa kusikiliza. Alikuwa fundi wa kompyuta wa maktaba kuu ya mji, fundi peke yake, na ofisi yake ilikuwa chumba kidogo nyuma ya kile wanachogundishia vitabu vilivyochanika, kwa hiyo alinuka gundi mwaka mzima. Bisibisi haikumtoka mfukoni. Jina lake halisi lilikuwepo kwenye kitambulisho, na hakuna aliyewahi kulihitaji.

Aliishi na baba yake katika nyumba yenye duka mbele. Baba mtu alikuwa fundi saa, na mtaa mzima ulimwita Mzee Dakika, kwanza kwa kazi yake, pili kwa sababu ukimwambia unakuja baada ya dakika tano, anaanza kuzihesabu hapo hapo. Mkewe, mama yake Dada Mitambo, alikuwa ametangulia mbele ya haki miaka kadhaa nyuma. Ndiyo maana siku moja wakiwa wanakunywa chai, mzee aliposafisha koo mara mbili na kuweka kikombe chini, binti alijua kuna jambo.

"Mwanangu, naoa."

"Hongera Baba. Bi Vifungo?"

"Nani kakwambia?"

Hakuna aliyemwambia; hapakuwa na haja. Bi Vifungo alikuwa mshonaji wa duka la pili, mwanamke mchangamfu mwenye kucheka kwa mwili mzima, na mwaka ule alikuwa ameleta saa yake ya mkononi kutengenezwa mara nyingi mno kwa saa ambayo haikuwa na kasoro yoyote.

"Jumamosi ya mwisho wa mwezi, saa nne asubuhi, kwa msajili wa ndoa," mzee akasema. "Na shahidi wangu ni wewe."

Uso wa binti ukapoa. "Jumamosi, Baba? Ijumaa haiwezekani?"

"Ijumaa mwenzangu ana nguo za wateja. Na mimi sitaki kuoa kwa ratiba ya maktaba. Ukikosekana, nitasimama na kinyozi."

"Kinyozi!"

"Nimeshamuuliza. Tena ana suti."

Mzee alikuwa na sababu ya kusema hivyo. Tangu Mkuu wa maktaba aanzishe Jumamosi ya Watoto, kila Jumamosi mlango unapofunguliwa saa mbili asubuhi, kompyuta za kaunta zinaganda. Watoto wamepanga foleni hadi barabarani, kila mmoja kakumbatia kitabu chake, na skrini imetulia tuli. Hapo ndipo Kimya hupiga simu. Kimya alikuwa karani wa kaunta, na jina hilo alilipata kwa kuwa ndiye mtu pekee aliyepiga kelele ndani ya maktaba ile, na kelele yenyewe ilikuwa "Kimya!"

"Dada, zimelala tena," angesema, na Dada Mitambo angeacha chai mezani, akimbie, azime hiki, awashe kile, na ikikaribia saa tano mambo yangenyooka. Watu wangempongeza. Yeye alijua hastahili, maana hakuna alichokuwa amekitengeneza. Ugonjwa uliondoka ulipotaka wenyewe. Mkuu naye alikuwa na jibu lake: "Ni watoto. Watu wakizidi, mashine zinazidiwa." Alishaanza kufikiria kuifuta Jumamosi yao.

Lakini lililomchoma Dada Mitambo ni jingine, na hakuwahi kulisema kwa mtu. Siku mama yake alipofariki, yeye alikuwa kazini, amelala kifudifudi chini ya meza akivuta nyaya, simu iko juu ya meza. Jambo lilitokea asubuhi, habari ikamfikia mchana. Baba yake hakumlaumu hata kwa jicho, na afadhali angemlaumu. Aliapa moyoni kwamba jambo kubwa lingine la nyumba ile halitamkuta hayupo. Sasa jambo kubwa lilikuwa limekuja, tena la furaha, na limepangwa siku ile ile mashine zinapougua.

Akazama kwenye logi. Kila mashine ilikuwa na faili lake, na alizisoma moja moja hadi macho yakamwuma. Kompyuta za kaunta zilisema: naomba orodha ya vitabu, sijibiwi, sijibiwi. Mashine kuu yenye orodha hiyo ilisema: nina kazi nyingi, ningoje. Kazi gani, haikutaja. Akaenda hata kwenye mashine ya akiba, ile kongwe iliyokaa stoo, isiyounganishwa na dunia ya nje, ambayo kazi yake ilikuwa moja tu: mara moja kwa wiki kunakili kila kitu, ili maktaba ikipatwa na janga isipoteze kumbukumbu. Logi yake ilisema imeanza kunakili Jumamosi saa 2. Mashine huhesabu saa kuanzia katikati ya usiku, kwa hiyo 2 yao ni saa nane yetu ya usiku, na ndivyo hasa Dada Mitambo alivyoiagiza: saa nane usiku, wakati hata panya wa maktaba wamelala. "Huyu hana kosa," akasema, akalifunga faili. Msomaji alishike hilo.

Jioni alipita dukani kwa Bi Vifungo, akamkuta amemwaga kopo la vifungo mezani, anapekua.

"Shikamoo Shangazi. Unatafuta nini?"

"Marahaba mwanangu. Kifungo cheusi chenye matundu manne. Nakiona kila siku, isipokuwa siku ninayokitaka."

Dada Mitambo akavuta kiti, wakaanza kuvichambua pamoja: vyeusi huku, vyeupe kule, matundu mawili, matundu manne, vikubwa, vidogo, kila aina kwenye kisanduku chake. Kifungo kikapatikana kabla hawajafika nusu.

"Shida yangu na mashine ndiyo hii hii," akasema. "Kila mstari wa logi una saa, jina la mashine, jina la programu, uzito wa jambo, halafu maneno yenyewe, vyote vimeshikana kama vilivyotoka. Na kila mashine ina kopo lake. Nataka niichambue mistari yote kama karanga, kila kipande kikae kwenye safu yake, ndani ya jedwali moja la databesi. Halafu niulize tu: nipe yote ya Jumamosi asubuhi, ya mashine zote, yaliyo mazito. Naletewa."

"Bila kumwaga kopo?"

"Bila kumwaga kopo."

"Basi anza leo, maana gauni nimeshalishona, na siwezi kuolewa na baba yako huku kinyozi kasimama pembeni."

Akaanza. Jedwali alilichora kwanza kwenye karatasi, na alipofika kwenye safu ya saa, mkono ukasita. Alikuwa amekulia nyuma ya kaunta ya baba yake, na aliijua desturi yake moja. Mzee Dakika akiletewa saa mbovu, haifungui. Anaifunga kikaratasi chenye nyakati mbili: inavyosema yenyewe, na inavyosema saa kubwa ya ukutani wakati ule ule. Kesho anatazama tena. "Saa inayoyumba, leo hivi kesho vile, hiyo inaumwa," alizoea kumwambia binti yake. "Inayokosea kwa kiasi kile kile kila siku haina ugonjwa. Imefundishwa vibaya." Kwa hiyo Dada Mitambo akachora safu mbili za wakati: moja ya saa iliyotajwa na mashine iliyosema, nyingine ya saa ambayo habari ilifika kwenye databesi. Hakuwa na sababu nyingine. Aliona tu ndivyo mtu mwenye adabu anavyopokea saa za wengine.

Siku mbili za kwanza zilikwenda vizuri, ya tatu jedwali likaanza kugoma. Mistari mingine liliipokea, mingine likaitupa nje. Dada Mitambo alikodoa macho hadi akaita shahidi.

"Kimya, njoo uone. Mashine ya orodha inaandika kila neno ambalo wasomaji wamelitafuta. Hawa wametafuta mbuzi, wameingia. Kuku, wameingia. Ng'ombe, hawakuingia."

"Hata mmoja?"

"Hata ndama wake."

Kimya akainama kwenye skrini. "Nyang'au?"

"Nje."

"King'ora?"

"Nje."

"Dada, databesi yako ina ubaguzi."

Ilikuwa alama ile ndogo iliyo katikati ya ng'ombe. Dada Mitambo alikuwa akiyafunga maneno kwa alama hiyo hiyo, moja mwanzoni na moja mwishoni, kisha anayashona ndani ya amri ya kuyaingiza kwenye jedwali. Databesi ikifika kwenye ng' inadhani neno limekwisha, inabaki inashangaa hao "ombe" wametoka wapi. Aliyetunga mfano wa amri ile kwenye vitabu vya kompyuta bila shaka hakuwahi kufuga ng'ombe kwa Kiswahili. Dada Mitambo akaacha kushona: amri akaipeleka peke yake, maneno akayakabidhi pembeni yakiwa yamejitegemea. Ng'ombe wakaingia zizini kwa furaha, na nyang'au nyuma yao. Kimya akashangilia kwa sauti iliyowafanya wasomaji wote wainue vichwa, na kwa mara ya kwanza wao ndio waliomwambia, "Kimya!"

Jumamosi iliyofuata, ya mwisho kabla ya ile ya harusi, mashine ziliganda kama kawaida. Safari hii Dada Mitambo hakukimbilia kuzima na kuwasha. Alisimama kaunta, akaandika kadi za watoto kwa mkono pamoja na Kimya, akaziacha mashine ziseme yote ziliyo nayo. Jumatatu akaliuliza jedwali: nipe kila kilichosemwa Jumamosi asubuhi, kwa mpangilio wa saa kilipofika.

Likamletea. Na pale saa mbili asubuhi, juu kabisa, kabla kaunta haijalalamika, kabla mashine kuu haijasema ina kazi nyingi, palikuwa na sauti ambayo haikutakiwa kuwepo hata kidogo: mashine ya akiba. "Naanza kunakili." Kwenye safu ya kwanza yenyewe imesema ni saa 2, yaani saa nane usiku. Kwenye safu ya pili, habari imefika saa mbili asubuhi, mlango wa maktaba unafunguliwa.

Akatoa safu moja kwenye nyingine. Mashine nyingine zote, tofauti hakuna. Mashine ya akiba, saa sita. Jana yake, saa sita. Juzi, saa sita. Kila mstari, saa sita kamili, haizidi wala haipungui. Kazi ya usiku ilikuwa ikifanywa asubuhi, mashine kongwe inavuta vitabu vyote vya maktaba kwenye waya ule ule ambao watoto wanangojea kimoja kimoja, na ikimaliza, karibu na saa tano, wote wanapumua.

"Haina ugonjwa," Dada Mitambo akanong'ona. "Imefundishwa vibaya."

Na hapo akakumbuka nani aliyeifundisha. Akaweka kichwa juu ya kibodi akacheka hadi machozi.

Alimkuta baba yake dukani, lenzi jichoni, ameinamia saa ya mtu.

"Baba, saa ikikosea kila siku kwa kiasi kile kile?"

"Nimekwambia tangu utotoni. Imefundishwa vibaya."

"Na aliyeifundisha?"

"Mpumbavu tu."

"Shikamoo, Baba."

Mzee akatoa lenzi polepole. Dada Mitambo akamkumbusha: ile siku betri ndogo ya mashine ya akiba ilipokufa, betri ya kidonge, ya aina ile ile anayoiuza yeye. Mzee alikuja na mpya maktaba mwenyewe asubuhi, akaiweka kwa kibanio chake, na skrini ikamwuliza saa. Binti alikuwa nje ya stoo, mikono imejaa nyaya. Baba akapaza sauti, saa ngapi? Naye akamjibu.

"Uliniambia saa mbili!" mzee akang'aka.

"Ilikuwa saa mbili."

"Nami nikaandika mbili!"

"Ndiyo, Baba."

Saa zote za ukutani zikagonga kwa pamoja bila huruma. Mzee akazitazama. Kwenye nyuso za saa kama zile, maisha yake yote, mshale mfupi wa saa mbili aliuweka kwenye nane bila kufikiri.

"Mshale ningeuweka pale pale panapostahili," akasema. "Hata nimefumba macho."

"Najua."

"Ile mashine haina mshale!"

"Haina, Baba."

"Inauliza kwa namba, kama karani!" Kisha midomo ikaanza kumcheza, mabega yakafuata, na Mzee Dakika akacheka kicheko ambacho binti yake hakuwa amekisikia tangu mama yake akiwa hai. Bi Vifungo akaja mbio kutoka duka la pili, sindano ikiwa mdomoni, akaelezwa, akaitoa sindano kwanza ndipo akacheka.

"Kinyozi hajinyoi," akasema.

"Usinitajie kinyozi!" mzee akajibu.

Hakukubali mtu mwingine arekebishe. Siku iliyofuata alivaa koti, akaenda maktaba, akaingia stoo, akakaa mbele ya mashine kongwe kwa heshima zote. "Saa ngapi?" akauliza. Binti akamwambia ni saa nne na nusu. Kidole kikasimama hewani. "Ya mdomo au ya mashine?" Akaandika kumi, akaandika thelathini, akahakiki kwa saa ya mfukoni. Mkuu aliyekuwa mlangoni akaomba aelezwe kwa mara ya pili, kisha akasema basi Jumamosi ya Watoto iendelee, na kwamba hata yeye hakuwahi kuamini ni watoto.

Lakini hapakuwa na Jumamosi nyingine ya kujaribia. Ya kwanza kuja ilikuwa ya harusi yenyewe. Dada Mitambo alimwachia Kimya maagizo, akavaa gauni aliloshonewa na bibi harusi mwenyewe, na saa mbili asubuhi akaketi kitandani simu ikiwa mkononi. Haikulia. Saa mbili na nusu haikulia. Mtu mwingine angefurahi. Yeye aliingiwa na wasiwasi kwamba simu imeharibika, akamwomba kinyozi ampigie kuhakikisha. Kinyozi alikuwa tayari amefika, na suti.

Ofisi ya msajili ilikuwa chumba chembamba chenye viti vya plastiki na feni inayolalamika. Mzee Dakika alifika mapema kiasi cha kumkera msajili. Bi Vifungo alivaa gauni la rangi ya maziwa lenye vifungo vyeusi vya matundu manne kuanzia shingoni hadi chini, wala hapakuwa na hata kimoja kilichotofautiana. Kinyozi alikaa nyuma, shahidi wa akiba. Maneno yakasemwa, wawili wakakubali kwa sauti zilizosikika hadi korido, na msajili akasogeza karatasi.

"Shahidi wa bwana harusi."

Dada Mitambo akainuka, na simu ikatetemeka mkononi mwake.

Chumba kizima kikamgeukia. Kule nyuma kinyozi akainuka nusu, akafunga kifungo cha koti. Uso wa Mzee Dakika haukubadilika. Alimtazama binti yake kwa jicho lile lile la siku ile ya msiba, lisilo na lawama.

"Soma, mwanangu," akasema taratibu.

Ilikuwa kutoka kaunta ya maktaba. Neno moja tu: "Kimya."

Hakujua kama ni jina la mwandishi au ni taarifa yenyewe. Kisha ikafuata picha: foleni ya watoto inayosonga, na mbele kabisa binti mdogo asiye na meno mawili ya mbele, ameinua juu kitabu chenye ng'ombe kwenye jalada. Dada Mitambo akaigeuza simu baba yake aone. Kinyozi akakaa, akafungua kifungo.

Akatia sahihi. Chini yake palikuwa na nafasi ya kuandika saa ya ndoa, na baba yake akainama sikioni: "Ya mdomo au ya mashine?" Akaandika kwa maneno, herufi kubwa, asije mtu akakosea tena: saa nne kamili asubuhi. Akaitazama ile saa kwenye karatasi, na kwa mazoea ya kazi akauona ule mstari kichwani mwake ukiwa umechambuliwa. Jambo limetokea saa nne. Limemfikia saa nne. Tofauti, hakuna. Machozi yakamtoka, na hakuyaficha, kwa sababu alifurahi kuliko siku yoyote aliyoikumbuka.

Akampa Bi Vifungo kalamu. "Na wewe hapa, Mama."

Hakuwahi kumwita hivyo. Bi Vifungo alilisikia, na kalamu ikamponyoka mkononi, ikabingirika chini ya viti. Kinyozi ndiye aliyeiokota, akapata angalau kazi moja siku ile.